Mzee Uwesu Abubakary na Lenzi Niliyomnyima

Jumanne, tarehe 30 Juni 2009, Mzee Uwesu Abubakary, mpiga picha wa Kituo chetu cha Machapisho ya Afya hapa Nachingwea, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kutimiza miaka sitini. Amekitumikia Kituo kwa miaka ishirini na miwili na miezi minne. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili, na mara zote mbili masika yalikuwa yameikata barabara ya Nambambo. Hajawahi kugombana na dereva. Hajawahi pia kukubali kwamba chai ya kantini yetu inanyweka.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ritha wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu kati ya watumishi tuliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Kamati haikujua inamkabidhi nani kalamu. Ndani ya faili la Mzee Uwesu kulikuwa na barua moja tu ya onyo, ya mwaka 1994, na kila kijana anayeajiriwa hapa husimuliwa kwamba yule mzee mpole aliwahi kumuumiza mtoto mchanga kwa flashi, tena kwa lenzi aliyoichagua mwenyewe. Nimeisikia hadithi hiyo kwa miaka kumi na mitano na sijawahi kuisahihisha. Si haki mtu aagwe na doa lisilo lake, kwa hiyo leo nitaisahihisha, ila kwa mpangilio wake. Mtunza stoo hatoi mzigo wa nyuma kabla ya wa mbele.

Mzee Uwesu alizaliwa Nambambo mwaka 1949, katika familia ya wakulima wa korosho na ufuta. Baada ya shule alilima na baba yake misimu kadhaa, kisha akaja mjini kujifunza picha kwa Mzee Kipriani, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko. Studio hiyo ilikuwa na pazia lililochorwa ndege na maua, kiti kimoja cha kukunja, na koti moja la suti lililovaliwa na kila bwana harusi wa Nachingwea, mnene kwa mwembamba. Kazi ya kwanza ya Uwesu ilikuwa kubana pini nyuma ya koti. Anasema huko ndiko alikojifunza kwamba mtu akiambiwa asipepese macho, ndipo anapopepesa.

Alijiunga na Kituo tarehe 1 Machi 1987. Tulikuwa na vyumba vitatu, mashine moja ya kuchapa, na chumba cha giza cha kusafishia picha ambacho zamani kilikuwa bafu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mabango na vitabu vinavyopelekwa kwenye zahanati za Nachingwea na Ruangwa: namna ya kuchemsha maji, namna ya kunawa mikono, siku za chanjo. Mikono mingi mnayoiona ikinawa kwenye mabango ya zamani ni ya dereva wetu. Mguu wenye kidonda kwenye bango la kusafisha vidonda ni wake mwenyewe Mzee Uwesu, na kidonda ni rangi ya mdomo aliyoazima kwa karani.

Alikuwa na mazoea mawili ambayo sijayaona kwa mpiga picha mwingine. La kwanza, kila aliyempiga picha alipelekewa nakala yake. Hata kama mtu anakaa Mnero ndani kabisa, hata kama ni kikongwe asiyeona vizuri, Mzee Uwesu alipanda baiskeli ya ofisi Jumamosi akaipeleka. La pili lilinihusu mimi. Joto la Nachingwea huharibu filamu, na jokofu letu lilikuwa la chanjo, hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu kingine humo. Basi yeye alizifunga filamu zake kwenye makopo yenye vifuniko, akayazika kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji ya kunywa, ndani ya stoo yangu. Nililalamika miaka miwili kuhusu mchanga sakafuni. Filamu hazikuharibika hata moja, na mwisho nikaacha kulalamika, au nikalalamika polepole.

Sasa niingie kwenye mwaka 1994.

Mimi nililetwa hapa Januari mwaka huo kutoka Njombe, na sweta zangu tatu ambazo sijazivaa mpaka leo. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja na niliogopa kila kitu kasoro karatasi. Wakati huo Kituo kilikuwa na kazi kubwa mbele yake. Kitabu cha mama wajawazito na wazazi kilichokuwa kikitumika vijijini kilikuwa na picha zilizotoka mbali. Wanawake waliomo walivaa makoti, walilala kwenye vitanda vya chuma vyenye mashuka meupe, na vyumba vyao vilikuwa na madirisha ya vioo ukuta mzima. Akina mama wa kijiji cha Nkowe walikipitisha mkono kwa mkono, wakacheka, wakakirudisha. Waliambiana kwamba huyo mwenye koti si mwenzao, hayo anayofundishwa ni ya kwao huko. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Linus, akaamua kichapwe kitabu kipya, na picha zote zipigwe ndani ya nyumba za hapa hapa, zikiwa za akina mama wa hapa hapa.

Tatizo likawa mwanga. Anayejua nyumba zetu za udongo anajua dirisha lake lilivyo: tundu la ukubwa wa sahani, na palipo na mzazi nalo huzibwa kwa kanga. Mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na hukaa gizani kidogo, ili mtoto azoee dunia taratibu. Flashi humo haifai. Hata ikiruhusiwa, humtoa mtu uso mweupe kama unga na nyuma yake ukuta mweusi, na chumba chenyewe hakionekani. Mzee Uwesu aliyajua haya yote. Februari akaniletea fomu ya maombi, ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani kwamba anaomba lenzi moja ya picha za ndani, fupi, yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga.

Nilimkatalia bila hata kumwambia. Nieleze jinsi nilivyofikiri, maana sikufanya kwa ubaya. Kwetu stoo tulikuwa na tochi za aina mbili, ya betri mbili na ya betri tano. Ya betri tano ni ndefu, na ndiyo inayomulika mpaka ng'ambo ya kiwanja. Nikasema moyoni, chumba kikiwa na giza utatakaje kifaa kifupi? Katika orodha ya vifaa ya duka la Dar es Salaam, lenzi fupi ilionekana kama kifuniko cha chupa ya chai, na ile ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, ilikuwa na ukubwa wa kueleweka. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa na miezi miwili tu kazini na nilidhani kuuliza ndiyo ujinga wenyewe. Nikapiga chapa oda mpya, nikaandika kwamba mpiga picha anaomba lenzi ndefu, nikamwekea Bwana Linus asaini. Alisaini bila kusoma, kama wakuu wote wanaosaini saa sita mchana.

Lenzi ilifika Juni. Ofisi nzima ilikuja kuitazama. Bwana Linus aliipenda sana, akaagiza ifungwe kwenye kamera kila panapokuwa na mgeni. Mzee Uwesu aliigeuza mkononi mara mbili, akaitazama kwa mbele, akasoma namba za pembeni, kisha akatazama nakala ya oda iliyokuwa mezani kwangu. Mimi nilikuwa naona fahari. Akaniambia tu, "Si kitu, dada Ritha, tutajaribu."

Siku ile sikujua alichokiona. Leo, baada ya miaka yote ya kufundishwa naye, naweza kueleza hata kwa mtu wa mapokezi. Lenzi si tochi. Haitoi mwanga, inauokota. Inayookota mwingi ni yenye tundu pana, na upana huo huandikwa kwa namba, ila namba ikiwa ndogo ndipo tundu ni kubwa. Ile ndefu tundu lake lilikuwa jembamba, kwa hiyo gizani kamera ilibidi ikae imefungua jicho muda mrefu, na mkono wa binadamu hautulii kiasi hicho. Kibaya zaidi, lenzi ndefu huvuta mbali. Kumpata mama na mtoto wake wote wawili, mpiga picha lazima arudi nyuma hatua nyingi, na chumba cha Nkowe kina hatua tatu.

Agosti walikwenda Nkowe, yeye na muuguzi Eva, mkunga aliyekuwa akizunguka vijijini na mizani na chanjo. Eva ndiye aliyewaombea ruhusa kwa Bibi Sikuzani, ambaye mkaza mwanawe, Ashura, alikuwa amejifungua siku tisa kabla. Bibi Sikuzani ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Nusu ya watoto wa kata ile walipokelewa na mikono yake. Alikubali kwa sababu ya Eva.

Mzee Uwesu alijaribu ndani, akagonga mgongo ukutani. Akarudi mlangoni. Akatoka nje kabisa, akasimama uani karibu na jiko, akimtafuta mzazi kupitia mlangoni, na alichopata kwenye kioo ni pua ya Ashura na weusi mtupu. Bwana Linus alikuwa amesema asirudi bila picha. Basi akafanya jambo ambalo anasema analijutia kuliko yote ya maisha yake ya kazi. Akachomeka flashi, akaifyatua mara moja. Hakuwa ameomba ruhusa ya flashi.

Mtoto alishtuka akalia mpaka jioni. Asubuhi iliyofuata macho yake yakaamka na tongotongo za njano. Eva alisema papo hapo kwamba ule ni ugonjwa wa macho unaowapata watoto wachanga wengi, kwamba huanzia kwenye kuzaliwa na hauhusiani na flashi. Alimpaka dawa ya macho, na baada ya siku tano mtoto alikuwa salama kabisa. Lakini nani angemsikiliza? Bibi Sikuzani alikwisha kusema, na maneno yake yalitangulia baiskeli zote: "Yule mwenye radi asikanyage tena kwangu."

Haikuishia kukatazwa yeye tu. Milango ilifungwa kwa Eva pia. Mizani yake ilining'inia kwenye mti siku nzima bila mtoto hata mmoja, na chanjo akazirudisha kwenye jokofu kama alivyozitoa. Kitabu kipya kikasimama. Hilo ndilo lililomuumiza Mzee Uwesu. Jina lake halikumsumbua kama lile sanduku la chanjo lililorudi limejaa.

Septemba ikaja barua ya onyo. Ilimlaumu kwa mambo mawili, kutumia flashi bila ridhaa, na kuagiza lenzi isiyofaa na hivyo kukitia Kituo hasara. La kwanza lilikuwa lake, akalikubali. La pili lilikuwa langu. Nakala ya fomu yake, kwa mwandiko wake, ilikuwa kwenye droo yangu. Angeniambia niitoe ningeitoa, kwa woga, lakini ningeitoa. Nilimfuata chumba cha giza, nikalia kwanza, halafu nikamwambia kwamba nitakwenda kwa Mkuu. Akanijibu huku akisuuza picha, hata hakugeuka: "Wewe bado unajaribiwa, dada. Mimi nilishathibitishwa. Barua hii kwangu ni karatasi, kwako ni basi la kurudi Njombe."

Sikwenda. Niliogopa, na yeye alinipa njia ya kuogopa bila aibu. Januari nikathibitishwa kazini. Ningeweza kusema wakati huo, na mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mwaka nilijiambia kwamba jambo limepoa. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilificha mpaka nikawa mama mtu mzima.

Kwa miezi mitano baada ya barua hiyo Mzee Uwesu alifanya kazi ambayo hakuna fomu iliyowahi kuiandika. Kila Jumamosi alikwenda Nkowe kwa baiskeli bila kamera. Hakuingia kwa mtu. Alipita kwa Bibi Sikuzani, akasimama nje ya ua, akaomba radhi, akauliza hali ya mtoto, akaondoka. Bibi hakumjibu Jumamosi nne za kwanza. Ya tano alimwuliza kama huko mjini hakuna kazi. Ya sita alimpa kiti.

Huku stoo aliendelea na masomo. Stoo yangu haina dirisha, ina mlango tu, na vipimo vyake vinakaribiana na vya chumba cha Nkowe. Alikata maboksi ya biskuti akatengeneza fremu, kila moja na tundu la ukubwa wake, akazishika mbele ya jicho kupima kila lenzi ingeona kiasi gani cha chumba. Mimi nilikaa kwenye kreti nikiwa nimebeba boga lililofungwa kanga, kama mtoto. Watumishi walichungulia wakacheka hadi wakaegemea ukuta. Nilimbeba mtoto yule wa boga wiki tatu, na siku ya mwisho tukampika.

Alikwenda pia kwa Mzee Kipriani kuazima lenzi za zamani. Ya milimita hamsini ilikuwa na tundu zuri, picha zilitoka hata gizani, lakini ilichukua uso wangu na boga tu, chumba hakikuonekana. Mama akiona picha hiyo hajui ni nyumba ya nani. Ya ishirini na nane iliona chumba chote, kreti, mtungi mpaka ufagio, ila tundu lake lilikuwa dogo, na ukisogea karibu uso unavutika. Picha moja inanionyesha na pua ambayo sikuzaliwa nayo, na anayo mpaka leo, hataki kunipa. Akahitimisha kwamba inayotakiwa ni ya thelathini na tano, tundu namba mbili: pana kiasi cha kuona mkeka na ukuta, si pana mno ikaharibu sura, na yenye kuokota mwanga wa kutosha. Lenzi hiyo hakuwahi kuishika maishani. Aliichagua kwa boksi la biskuti.

Mwanga wenyewe aliupima kwa kanga. Hatukuwa na kipimo, na kile cha ndani ya kamera gizani kilikuwa kinababaika. Akagundua kwamba ukikaa hatua mbili kutoka kwa mama na ukaweza kusoma maneno ya kanga yake, basi picha itatoka kwa filamu ya kasi, ile inayoshika mwanga upesi, mkono ukiegemezwa. Usipoweza kuyasoma, mwombe mama asogeze mkeka kuelekea mlangoni mpaka yasomeke. Vijana wote aliowafundisha baadaye wanajua kanuni hiyo. Wenye digitali wanaicheka, betri ikiisha wanaikumbuka.

Januari 1995 akaleta fomu ya pili. Niliipiga chapa neno kwa neno, nikampelekea aisome, akairudisha, nikampelekea tena. Bwana Linus alinung'unika kwamba hatuwezi kununua lenzi kila mwaka, na Mzee Uwesu akamwomba amkatalie lolote lingine mpaka astaafu, ila hiyo ampe. Ilifika Aprili ndani ya kiboksi cha ukubwa wa kopo la maziwa. Mkuu aliifungua, akatafuta kama kuna nyingine chini yake. Aliuliza kama hiyo ndiyo tuliyoingojea.

Mwezi Mei Mzee Uwesu aliomba kuingia tena kwa Bibi Sikuzani. Binti wa pili wa Bibi huyo alikuwa amejifungua. Nilikuwepo safari hiyo, niliomba mwenyewe. Eva alieleza kwamba leo hakuna radi. Bibi alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasema kitu ambacho Nkowe bado wanakirudia: "Nianze mimi. Nikipofuka, nimeshaona ya kutosha."

Akakaa kwenye mkeka kando ya binti yake, mtoto akafunikwa uso kwa ushungi kwanza. Mzee Uwesu aliomba mlango ufunguliwe upana wa kiganja. Akasoma kanga ya Bibi kimya kimya, midomo ikicheza, akaomba mkeka usogee kidogo. Akaegemeza viwiko kwenye ukuta wa udongo, akavuta pumzi akaizuia. Kamera ikalia kama mtu anayegonga ulimi mara moja. Bibi Sikuzani aliendelea kukaa amefumba macho kwa nguvu. Baada ya muda akauliza, "Bado?" Akaambiwa imekwisha. Akafumbua jicho moja, akatazama dari, akamtazama Mzee Uwesu, akacheka mpaka binti yake naye akacheka, na mtoto aliyefunikwa hakuamka. Halafu akaufunua ushungi kwa mkono wake mwenyewe.

Sikuweza kusimama pale. Nilitoka uani nikajifanya natafuta kiatu.

Alasiri ile Bibi alitangulia mbele, na Mzee Uwesu nyuma yake na Eva na mizani, wakapita nyumba kumi na moja. Wiki iliyofuata watoto wa Nkowe walipimwa wote, na sanduku la chanjo likarudi tupu. Kitabu kilitoka mwanzoni mwa 1996. Akina mama walipokigawana hawakucheka. Waliinama, wakatafuta. Mmoja aliutambua mkeka wa jirani yake, mwingine akaitambua kanga yake mwenyewe, na mzee mmoja alidai posho kwa sababu kuku wake alitokea ukurasa wa tisa. Wakati wanatafuta kuku walikuwa wanasoma. Kitabu hicho kimechapwa mara nne na bado kinatumika.

Miaka iliyofuata ilikuwa myepesi zaidi, na Mzee Uwesu aliifanya iwe na vicheko. Mwaka 2001 Bwana Linus alipostaafu aliomba picha yake ya kuagwa ipigwe kwa lenzi ndefu aliyoipenda. Mzee Uwesu alitii. Alivuka kiwanja chote mpaka kwenye uzio, na ilibidi dereva asimame katikati kupitisha maelekezo, kidevu juu, kidevu chini. Picha ilitoka nzuri sana. Kamera za digitali zilipokuja mwaka 2005, wengi walidhani atazichukia. Alizisoma wiki moja, akasema kwamba zinaonyesha kosa mapema na hilo ni jambo jema kwa kila mtu. Amewafundisha wapiga picha saba, watatu wao wanawake, na hakuna hata mmoja anayeingia kwenye nyumba ya mzazi kabla ya kukaa nje kwanza.

Anarudi Nambambo kwa mkewe, Bi Mwanakheri, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amefua mashati yenye madoa ya dawa ya picha bila kuomba uhamisho. Wana watoto watano na wajukuu wanane. Kuna mikorosho inayongoja kupaliliwa. Kituo kinamshukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa kila nakala ya picha aliyoipeleka Jumamosi kwa jasho lake. Tunamwombea afya, mvua za wakati, bei nzuri ya korosho, na chai anayoipenda, ambayo kwetu hakuipata.

Kabla sijafunga, jambo la ofisi. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Mkuu wetu wa sasa, Bwana Fidel, karatasi mbili kutoka droo yangu: fomu ya Februari 1994 kwa mwandiko wa Mzee Uwesu, na oda niliyoipiga chapa mimi siku hiyo hiyo. Alizisoma mara mbili. Kisha akaagiza faili. Barua ya mwaka 1994 imetolewa, na mahali pake ameweka maelezo yangu, yenye sahihi yangu.

Ijumaa nilimpelekea Mzee Uwesu rasimu ya wasifu huu aipitie. Aliisoma amesimama, akacheka kwenye boga, kisha akaweka kidole kwenye habari za barua, akaniambia, "Hapa futa, dada Ritha. Watu wanakuja kula pilau."

Nimekataa. Ni mara ya pili nakataa ombi la Mzee Uwesu, na mara ya kwanza ndiyo hiyo mliyoisoma.

Nenda salama, Mzee wetu. Lenzi ndefu niliiagiza mimi.